Mjadala: Kijana wa miaka 16 apande mtumbwi wa dagaa usiku? Nani mtu mzima mwaloni?

Mleta mada, Igombe

Salaam wana Mwanza, na ninyi wa visiwani. Kuna jambo linabishaniwa karibu kila mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga na kushusha samaki, kuanzia Igombe na Kayenze mpaka Ukerewe na Buchosa. Wapo wanaotaka BMU, vile vikundi vya wavuvi vinavyosimamia mialo, zisimruhusu mtu yeyote aliye chini ya miaka 18 kuingia ziwani usiku. Wapo wanaosema kijana wa 16 anayevuta wavu na kulisha wadogo zake ameshakuwa mtu mzima, na kumzuia ni kumnyima riziki.

Mimi niko na hao wa kwanza, kwa sababu moja. Mwaloni kijana huyo ni mtu mzima wakati wa kazi, halafu anageuzwa mtoto wakati wa mgao. Tajiri, mwenye mtumbwi na nyavu, humpa nusu ya fungu, yaani nusu ya sehemu ya mapato anayopata baharia, au fungu linapitia kwa mjomba aliyemleta. Kama ni mtu mzima, apewe fungu kamili mkononi. Kama ni mtoto, usiku alale. Karibuni, tubishane kwa hoja.

Nahodha, Kayenze

Ndugu mleta mada, nusu fungu ina sababu yake. Mtumbwi wa dagaa unabeba mabaharia wanne hadi sita na kila mmoja ana kazi yake. Jua likizama taa zinashushwa majini juu ya vielea, zimefungwa kwenye kamba moja ndefu. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola na betri. Zinaachwa saa mbili tatu mpaka wadudu na dagaa wakusanyike, kisha zinavutwa moja moja, polepole, mpaka wavuni. Anayevuta kwa pupa anatawanya dagaa, na mafuta ya injini yameshaungua bure.

Mgeni hajui hayo hata awe na miaka 40. Kwa hiyo mgeni yeyote huanza na fungu dogo: anachota maji yanayoingia mtumbwini, anapanga kamba isijisokote, anaangalia taa isipeperushwe. Akiweza kuvuta taa bila kutawanya samaki anapewa fungu zima. Hicho ndicho kipimo cha mwaloni, na kwangu kina haki kuliko tarehe ya kuzaliwa. Tena kazi hii ni ya giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, tunapumzika. Usiku wa kujifunza si mwingi. Anayeanza na miaka 18 ataiva lini?

Wakili, Nyamagana

Nahodha, ufundi unaousema hauna ubishi. Lakini ufundi na uwezo wa kujifunga kwa makubaliano ni vitu viwili. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, ila inamkataza mtoto kufanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Dagaa wa taa huvuliwa saa hizo hizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nayo inamkataza aliye chini ya 18 kuwa baharia melini au kufanya kazi ya hatari popote, hata kusiko rasmi. Hatuna haja ya kubishana kama mtumbwi ni meli. Saa peke yake zinatosha.

Sasa sikilizeni jambo ambalo matajiri wengi hawalitilii maanani. Mkataba wa mtu asiyefikisha 18 haushiki. Ukimpa kijana wa 16 advansi ya laki mbili akahamia kambi nyingine, ukienda mahakamani kudai unarudi mikono mitupu. Naye kijana laini yake ya simu imesajiliwa kwa kitambulisho cha mwingine, maana kitambulisho cha taifa hutolewa kwa aliyefikisha 18. Kwa hiyo hata mgao ukitumwa kwa simu, unaingia kwenye jina la mtu mwingine, na huyo mtu akiamua kuutoa hakuna wa kumzuia.

Na sheria haina mstari mmoja. Chini ya miaka 10 mtoto hana hatia ya jinai. Kwa 14 anaruhusiwa kazi nyepesi. Kwa 18 anapiga kura na kuweka saini. Ubunge ni 21, urais 40. Utu uzima unatolewa kidogo kidogo, kila haki na umri wake. Mwaloni mnataka kumtwisha yote kwa mkupuo, tena mnaanza na ile ya hatari kuliko zote.

Mzee, Magu

Wanangu, nyote mmekata kipande kimoja tu, kazi. Usukumani hatukuwa na jando la kumtoa kijana utotoni kama ndugu zetu Wakurya. Kijana aliingia kundi la vijana wenzake chini ya nsumba ntale, kiongozi waliyemchagua wenyewe. Walilima mashamba ya watu kwa zamu, mzembe alitozwa faini na wenzake. Humo ndimo alipojulikana anaweza kazi au hawezi.

Lakini kuweza kazi hakukumfanya mwenye mji, yaani mwenye kaya yake mwenyewe. Mji ulikuja kwa kuoa, na kuoa kulitaka ng'ombe wa mahari, na ng'ombe wale walitoka kwa baba na ndugu. Mpaka leo vijijini mwanamume wa miaka 30 asiye na mji akifika kikaoni huitwa kijana na husema wa mwisho. Msiba ukitokea, mwenye mji anaandikwa kwa jina lake kwenye daftari la mchango. Asiye na mji anahesabiwa ndani ya jina la baba yake. Yaani mtu mzima ni yule anayedaiwa na jamii kwa jina lake mwenyewe. Kijana wenu wa 16 huko kambini nani anamsimamia? Baba yake yuko Kwimba analima pamba, tajiri yuko mjini. Kundi la kumtetea hana.

Mama wa chanja, Mwaloni Kirumba

Shikamoo Mzee. Mmeongea wavulana tu kana kwamba wasichana hawako mwaloni. Msichana wa 15 anaanika dagaa kuanzia alfajiri, hajasoma, na jioni watu wanasema huyu amekua, aolewe. Wakili, eleza na hilo.

Wakili, Nyamagana

Mama, umegusa penyewe. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliweka umri wa mvulana 18 na wa msichana 15 kwa ridhaa ya mzazi, na mahakama ikaruhusiwa kushuka hadi 14 kwa sababu maalumu. Rebeca Gyumi akafungua shauri, Mahakama Kuu ikaamua mwaka 2016 kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019. Isitoshe, tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayeoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari.

Hata tukiiacha hukumu pembeni, tazameni ndoa yenyewe inampa nini. Msichana wa 16 aliyeolewa hapigi kura. Hapati kitambulisho cha taifa. Mkataba wa kupanga fremu ya biashara hausaini. Mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 4 ya mapato yake ya ndani iliyotengwa kwa wanawake, hapati, kwa sababu unaanzia miaka 18. Ameongezewa majukumu ya mtu mzima bila hata kifaa kimoja cha kuyabebea.

Nahodha, Kayenze

Kwa wasichana sina ubishi. Kwa wavulana bado. Huyu kijana akikatazwa usiku, mchana afanye nini? Akae kijiweni ajifunze kuvuta bangi?

Mwalimu, Sengerema

Nahodha, swali lako ni la msingi, na litakua. Sera mpya ya elimu inataka elimu ya lazima ya miaka 10: msingi sita, sekondari minne. Anayeanza akiwa na miaka 6 anamaliza akiwa na 16. Kati ya hapo na 18 kuna miaka miwili ambayo shule imemaliza naye na sheria haijamfungulia mlango. Mialo itapokea wengi wa aina hiyo, na kuwaambia "subirini" pekee hakutawashika.

Niseme pia kuhusu kuongeza umri, kwa sababu ndiyo njia wanayoikimbilia. Kijana wa 16 anaapa kiapo cha kuzaliwa kinachoonyesha ana 18, anapata karatasi, anapanda mtumbwi. Miaka mitatu baadaye anataka mkopo wa chuo au pasipoti. Cheti cha shule kina mwaka mmoja, kiapo kina mwingine, na kila dirisha linamrudisha. Kurekebisha kunahitaji nyaraka, nauli na miezi. Njia safi ni kusajili cheti cha kuzaliwa mapema RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwa kadi ya kliniki au cheti cha kumaliza shule, barua ya mtendaji na vitambulisho vya wazazi, ili akifikisha 18 aende NIDA, wanaotoa kitambulisho cha taifa, na karatasi zinazokubaliana.

Mhitimu wa uvuvi, Nyegezi

Naongeza la usalama, maana limepitiwa juu juu. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko ziwa. Hewa inashuka kutoka pande zote za ufuko kuelekea katikati ya maji, inakutana, inapanda, na radi zinazaliwa pale pale. Kwa hiyo Ziwa Victoria lina dhoruba nyingi zaidi usiku na alfajiri kuliko mchana, yaani wakati mitumbwi ya dagaa iko kazini. Sasa weka na hili: wavu uliojaa unapopandishwa, mabaharia wote husogea upande mmoja. Mtumbwi unalala. Wimbi likija kutoka upande huo huo kabla hawajagawanyika, maji yanaingia kwa ukingo, na mwenye koti zito na buti hana dakika nyingi.

Hapo umri una maana yake halisi. Baharia mzima akiona wingu jeusi na umeme unapigapiga mbele anasema leo siendi, na kesho anatafuta mtumbwi mwingine. Kijana aliyeletwa na mjomba, aliyelala kwenye kibanda cha tajiri, anayedaiwa hela ya nauli, hawezi kusema hivyo. Atapanda. Nahodha, umempima kwa mikono. Mpime na kwa hili: akikataa, neno lake linasikilizwa?

Nahodha, Kayenze

Hilo la kukataa limenigusa, sifichi. Kweli sijaona kijana wa umri huo akikataa kupanda. Ila nahodha makini naye ana wajibu: wingu likionekana anakata kamba ya wavu na kurudi, hata kama wavu ni wa tajiri. Wasiofanya hivyo ndio wa kushughulikiwa kwanza.

Mtunza daftari wa BMU, Ukerewe

Washughulikiwe wote. Kinachowezekana bila kusubiri mtu kutoka wilayani ni hiki. Daftari la mabaharia liwe na safu tano: jina, mwaka wa kuzaliwa, karatasi iliyothibitisha mwaka huo, jina na simu ya ndugu wa kuitwa kukitokea ajali, na namba ambayo mgao unatumwa. Asiye na karatasi haandikwi wa usiku. Daftari linasomwa jioni mitumbwi inapoondoka. Likisomwa asubuhi limechelewa, watu wako majini.

Kwa wa 16 na 17 kuwe na daftari la pili, la mchana. Humo kuna kushona nyavu, kuchaji betri, kutengeneza vielea, kukagua kamba na maboya, kupima ndoo, kuandika mahesabu. Kijana aliyeshona wavu wa matundu ya milimita 8 mwaka mzima anajua kila sehemu unapochanika na kwa nini, na akifikisha 18 anapanda akiwa na nusu ya ufundi kichwani. Nahodha, hapo hofu yako ya kuchelewa kuiva inapungua.

Malipo yake yasiwe fungu. Fungu linategemea bahati ya usiku na makato ya petroli, na hapo ndipo vijana wanapunjwa. Iwe ujira wa siku, unaotajwa kabla ya kazi, mbele ya mtu wa BMU.

Mzee, Magu

Hilo la BMU kusimama kama kundi la wenzake nimelipenda. Lakini vijana wenyewe wachague kiongozi wao wa daftari la mchana. Wakichaguliwa na matajiri, mmerudi pale pale.

Mleta mada, Igombe

Nakubali, Mzee. Swali moja limebaki. Ujira wa siku unalipwa na nani siku mvua ikinyesha dagaa wakaharibika? Tajiri atasema hana.

Mama wa chanja, Mwaloni Kirumba

Hapo niacheni mimi. Kilo tatu hadi nne za dagaa wabichi zinatoa kama kilo moja ya wakavu. Wakitandazwa kwa tabaka jembamba juu ya chanja, kwenye nyavu kuukuu zilizokazwa juu ya miti, jua kali la siku moja linawakausha. Wakiwekwa nene, au chini mchangani, mvua ya mchana inawakuta wabichi, wanageuka rangi, wananuka, na wanaishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Hasara hiyo haitokani na kijana aliyeanika. Inatokana na mwenye mali aliyekataa kununua miti na turubai. Basi iandikwe hivi: aliyeanika kwenye chanja cha tajiri analipwa siku yake, mvua inyeshe isinyeshe, na alipwe jioni ile ile kabla hajaondoka. Tajiri anayetaka kupunguza hasara ana dawa yake, turubai moja kwa kila chanja, na mtu wa kuangalia wingu kuanzia saa sita mchana.

Nahodha, Kayenze

Turubai sawa. Kuhusu ujira mvua ikinyesha, nusu siku. Siku nzima sikubali bado.

Mama wa chanja, Mwaloni Kirumba

Baharia mzima akirudi mikono mitupu anadaiwa chakula alichokula mtumbwini?

Nahodha, Kayenze

Hapana. Chakula ni cha tajiri.

Mama wa chanja, Mwaloni Kirumba

Basi na siku ya mtoto ni ya tajiri. Andikeni siku nzima.