Mafundi mnaua pikipiki za zamani kwa nyundo na grenda, INATOSHA!!

Wakuu nina hasira hapa mpaka mikono inatetemeka. Nina Yamaha AG100 ya mzee wangu, zile tustroki (injini ya mipigo miwili) za mabwana shamba zenye stendi pande zote mbili na kava linaloziba cheni yote. Imelala stoo miaka, injini imejamu, fremu ina ufa pale shingoni kwenye usukani. Nikapeleka kwa fundi anayejinadi kwamba za zamani ndo zake.

Hivi jamani pistoni ya aluminiamu imegandia kwenye silivu ya chuma (lile bomba la ndani ya silinda pistoni inamopita), unaigongaje na nondo?? Ile kitu inataka uvumilivu tu, unamimina oili ya kulegeza kutu kwenye tundu la plagi, unaiacha siku kadhaa inywe, unapasha silinda moto, unachezesha magneto (lile gurudumu linalozungusha injini) taratibu huku na huku mpaka ikubali. Yeye kagonga mpaka pistoni imetoboka na silivu imekwaruzika vibaya. Shafti ndefu ya swingamu (mkono unaoshika tairi la nyuma) nayo ilikuwa imekufa kwa kutu, badala ya kuipasha gesi akaipiga nyundo mpaka ncha ikatanuka kama uyoga, ikawa haipiti tena tunduni, basi akaikata na grenda na kula sikio la fremu, pale shafti inapopita, humo humo. Skrubu za kava zote kamaliza vichwa maana kichwa cha nyota cha skrubu za Mjapani si sawa na nyota ya kawaida, bisibisi yoyote tu inaruka, na hilo fundi wa Yamaha unatakiwa ulijue!

Ila kilichoniua ni fremu. Ufa unatobolewa kitundu mwisho wake usiendelee kukimbia, unapima kama fremu imenyooka, unang'oa rangi na kutu, ndo unachomelea. Huyu kachomelea juu ya kutu kapaka puti, na kwenye kulainisha kapitisha grenda shingoni AKAFUTA NAMBA YA CHESISI!!! Namba iliyo kwenye kadi! Trafiki akinisimamisha nawaonyesha nini, TRA (mamlaka ya mapato) nikitaka kubadili umiliki nawaambia nini? Pikipiki halali ya mzee leo inaonekana ya wizi.

Na bado anadai hela iliyobaki eti kazi imeisha, mbona inang'aa. Simpi hata mia na silivu atalipa.

Mwenye kujua utaratibu wa kugongewa upya namba ya chesisi kihalali naomba anielekeze, naanzia polisi au TRA? Na fundi wa kunyoosha fremu kwa vipimo, Morogoro au Dar. Wale wa "si ununue Boxer mpya tu" msijisumbue kujibu.