Ushauri: Natolewa titi, nikubali sindano ya ganzi ya karibu na mgongo?

Subira_Njema: Habari za humu ndugu zangu. Wiki ijayo natolewa titi la kushoto na tezi za kwapani. Daktari wa usingizi anasema, mbali na nusu kaputi, atanichoma ganzi karibu na uti wa mgongo ili nikizinduka maumivu yasinizidi. Tangu nisikie mgongo, silali. Kuna aliyewahi kuchomwa?

Kinyonga Mweusi: Pole dada. Shangazi yangu alichomwa ya mgongo akijifungua, mpaka leo analia na kiuno. Kataa.

NesiWaZamu: Kinyonga, hiyo ya uzazi ni nyingine. Hii inawekwa pembeni ya uti, pale neva zinapochomoza kuelekea mbavuni, na sindano inafuatiliwa kwa ultrasaundi. Kinachokufa ganzi ni kifua upande mmoja, miguu haiguswi. Inashika saa kadhaa, pengine siku nzima, kwa hiyo haja ya mofini (dawa kali ya maumivu) na kutapika vinapungua. Hatari zipo: mara chache utando wa pafu hutobolewa, au dawa huingia kwenye damu kwa wingi ikavuruga moyo. Unameza dawa gani nyingine?

Subira_Njema: Za presha tu.

Mzee wa Hoja: Mama zetu walivumilia makubwa bila haya yote. Maumivu ni sehemu ya kupona.

BintiSalama: Mzee, umewahi kulala na mrija unatoka kwapani? Mimi nilichomwa ile ya katikati ya misuli ya kifua. Nilizinduka nikachana nywele mwenyewe. Usiku ganzi ikaisha ghafla, na vidonge nilikuwa sijapewa, nikang'ata shuka. Dada, dai vidonge mapema, ganzi ikiwa bado inafanya kazi. Na ngozi ya ndani ya mkono wangu hadi leo haisikii maji ya moto. Walisema ni neva iliyokatwa wakitoa tezi, si sindano.

NesiWaZamu: Subira, narudia swali. Dawa za kuzuia damu kuganda je?

Subira_Njema: Nilikuwa natumia wafarini, damu iliwahi kuganda mguuni. Lakini nimeshaacha mwenyewe, kwa hiyo haihusu. Kwenye fomu sikuiandika. Upasuaji ulishaahirishwa na uvimbe unakua, nikitaja watanirudisha tena nyumbani. Mwili ni wangu.

Fundi Mchundo: Hii chai. Mara presha tu, mara wafarini. Mtu wa wafarini anapimwa damu kila mara, hospitali isijue? Mods, fungeni uzi.

Subira_Njema: Kliniki ya damu ni hospitali nyingine. Nikidanganya nafaidika nini?

BintiSalama: Fundi, mwache. Mtu akiogopa hasimulii kwa mpangilio.

NesiWaZamu: Chai au si chai, wanaosoma kimya wenye mguu kama huo wapo. Pembeni ya uti damu ikivuja hakuna pa kuikandamiza. Na kuacha mwenyewe kuna hatari yake: damu inaganda tena, bonge linapanda mapafuni, na saratani yenyewe inaongeza uwezekano huo. Wakijua mapema wanapima damu waone inaganda kwa kasi gani, wanaamua dawa isimame lini na kama unahitaji sindano za muda mfupi badala yake, au wanachagua ganzi ya juu juu kama ya BintiSalama. Si lazima waahirishe. Piga wodini leo, taja jina la dawa, kipimo, na siku uliyoacha.

Kinyonga Mweusi: Nesi, eti ganzi hii inazuia saratani kurudi?

NesiWaZamu: Hapana. Utafiti uliochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2019, wanawake zaidi ya 2,000, ulilinganisha ganzi ya pembeni ya uti na nusu kaputi ya kawaida. Kurudi kwa saratani hakukutofautiana. Ichague kwa ajili ya maumivu ya siku za mwanzo.

Mzee wa Hoja: Hapo kwenye damu kuganda nipo na Nesi. Kaka yangu alijiachia dawa hivyohivyo, tukamzika.

Subira_Njema: Nimepiga. Wanataka nifike kesho asubuhi na pakiti zangu zote, nitolewe damu. Tarehe hawajaifuta, ila hawajaithibitisha pia. Fundi, picha ya pakiti siweki humu.