Msaada: kanuni ya jumla ya 4, 9, 18, 31, 48...

Mtoto wa Pwani:
Wakuu, salaam. Mdogo wangu yuko kidato cha pili, kaja na swali limenitoa jasho. Mfuatano ni 4, 9, 18, 31, 48... Anatakiwa aandike kanuni ya jumla, kisha atafute namba ya 20. Kwa kujumlisha tu nitafika, lakini mwalimu anataka kanuni. Ile ya kuongeza tofauti moja imegoma, maana tofauti zenyewe zinabadilika: 5, 9, 13, 17. Naanzia wapi?

Kokotoo:
Hapo ulipokwama ndipo penyewe. Hizo tofauti nazo zitoe: 9−5, 13−9, 17−13, zote 4. Tofauti za pili zikilingana, kanuni ina n² (n ni nafasi ya namba kwenye mfuatano: ya 1, ya 2, ya 3...). Gawa 4 kwa 2, inakuwa 2n². Sasa andika 2n² chini ya mfuatano wako: 2, 8, 18, 32, 50. Toa ya chini kwenye ya juu, zinabaki 2, 1, 0, −1, −2. Hiyo inashuka moja moja, yaani 3 − n. Jumla yake: 2n² − n + 3.

Kijiweni:
Nimekumbuka kwa nini nilikimbilia HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) 😂

Mtoto wa Pwani:
Ubarikiwe mkuu. Nimeweka 20: 800 − 20 + 3 = 783. Ila dogo kauliza kwa nini tunagawa kwa 2, nikabaki namtazama.

Kokotoo:
Mwambie aichukue n² tupu: 1, 4, 9, 16, 25. Tofauti ni 3, 5, 7, 9. Tofauti za pili ni 2, 2, 2. Kila n² moja inaleta 2. Yenu imeleta 4, basi n² zimo mbili.

Mama Chaki:
Si kila mfuatano unatulia ukiutoa lakini. 3, 6, 12, 24 ukiutoa unapata 3, 6, 12, yaani umerudi kulekule. Huo ni wa kuzidisha: 3 × 2ⁿ⁻¹.

Mzee wa Bisibisi:
Na asiamini macho. Chora duara, weka nukta kwenye mzingo, unganisha kila nukta na nyingine zote, hesabu vipande. Nukta 1 hadi 5 zinatoa 1, 2, 4, 8, 16. Wengi watasema inafuata 32. Ni 31! Namba tano peke yake hazithibitishi kanuni, mpaka ujue zimetoka wapi. Kwenye mtihani sawa, mtunzi anataka ile rahisi, usibishane naye.

Mtoto wa Pwani:
Mzee, tumechora nukta 6, tumepata 30. Tumehesabu mara mbili.

Mzee wa Bisibisi:
Mmezipanga kwa nafasi sawa, sivyo? Basi mistari mitatu imekatana palepale katikati, kipande kimoja kimemezwa. Sogezeni nukta moja kidogo, mtaona kipembetatu kinajitokeza hapo kati. Hicho ndicho cha 31.