Mwanafunzi mpya wa muziki apimwe kwa karatasi au kwa sikio?

Mtoa mada, Bagamoyo

Wakuu, tulijadili hili bila jazba. Dogo mmoja niliyemfundisha ngoma kapata chuo (sikitaji). Wiki ya kwanza wakakalishwa na karatasi ya nadharia ya muziki. Swali la kwanza: taja noti zilizo kwenye mistari mitano, ufunguo wa F. Dogo kaandika jina lake, kaweka kalamu chini. Kapelekwa darasa la awali, muhula mmoja zaidi, na ada juu yake.

Jioni nikamkuta ufukweni, karibu na wanapokaanga samaki. Mkono wa kulia unapiga matatu, wa kushoto mawili, mdomo unaimba kitu kingine kabisa, na hakosi hata pigo. Swali la 7 la ile karatasi lilikuwa hilohilo: andika mapigo matatu juu ya mawili. Kapata sifuri.

Mtindo huu una wenyewe. Vyuo vingi vya Marekani huwapa wanafunzi wapya mtihani kama huu kabla masomo hayajaanza: funguo, skeli (ngazi za noti), umbali wa noti na noti, kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja), na pengine kusikiliza na kuandika. Lengo ni kumpanga mtu aliyekwisha pokewa, aanze nadharia ya kwanza au arudi kwenye misingi. Kule sina ugomvi nao, wengi wamepitia bendi ya shule. Huku kwetu unapima nini, kama si nani alikulia kwenye nyumba yenye kinanda?

Mwalimu wa kwaya, Tanga

Pole kwa kijana, ndugu yangu, lakini hapo sipo nawe. Asiyesoma noti, siku akikabidhiwa waimbaji 30 wasiomjua atawaelekeza kwa nini, kwa kukonyeza? Na darasa la awali si jela. Nimemwona mmoja aliyeonewa huruma akarushwa mbele. Wiki ya sita alikuwa anakaa nyuma kabisa, ananakili kodi za jirani. Huyo ndiye aliyepoteza ada.

Ila nakiri moja. Wanakwaya wangu ukiwaandikia wimbo kwa solfa (do, re, mi kwa herufi) na "Do ni G" juu ya karatasi, wanaimba sauti zote nne papo hapo. Wape wimbo uleule kwenye mistari mitano, wanageuka mabubu. Je, hawajui kusoma? Solfa nayo ni maandishi. John Curwen aliieneza Uingereza karne ya 19 ili watu wa kawaida waweze kuimba pamoja, na wamisionari wakatuletea. Mtihani usioikubali solfa unawafelisha watu wanaojua kusoma.

Mpiga fidla

Na sisi wa taarabu je? Hatua ya tatu ya maqamu ya rasti (ngazi ya noti ya Kiarabu) inakaa katikati ya mi na mi iliyoshushwa. Karatasi inaniuliza: tatu kubwa au tatu ndogo? Nikijibu "si hii wala si ile", nimekosa. (Watu wa Tanga mna nafuu, kundi lenu la Black Star liliingiza magitaa kwenye taarabu zamani.)

Mchangiaji mwingine

Hukwe Zawose aliishi hapahapa Bagamoyo, akaizunguka dunia na ilimba yake, kile kinanda cha vidole gumba cha Wagogo. Angeupita huo mtihani?

Mwalimu wa kwaya, Tanga

Tumwache marehemu apumzike. Kila mjadala ukikwama anatajwa yeye. Mtihani unatungwa kwa ajili ya wale wengine wote.

Mtoa mada, Bagamoyo

Hapo umenibana, mwalimu. Basi narekebisha hoja: karatasi ibaki, ila ije mwisho, na solfa ikubaliwe. Kwanza mwalimu apige makofi, mtoto arudishe. Aimbe mstari mmoja, mtoto aurudishe, kisha aongeze sauti ya pili. Dakika 10 zinatosha. Wanafunzi 40 ni dakika 400, walimu wawili wanamaliza kabla ya saa sita mchana. Anayesikia vizuri lakini hasomi apewe somo la kusoma tu, asirudishwe kufundishwa mapigo anayoyajua kuliko mwalimu wake.

Mwalimu wa kwaya, Tanga

Kwa hilo nitakuunga mkono, ukinipatia hao walimu wawili waliokubaliana sauti ya pili nzuri ni ipi.

Mtoa mada, Bagamoyo

Hahaa, hapo sasa. Mwalimu, kama una kitabu cha solfa cha ziada kiweke kwenye basi, nitakipokea Msata. Dogo anaanza Jumatatu.