Ushauri wa haraka: paka wetu ana kisukari, nampima mwenyewe nyumbani na sukari haishuki (Lamu)

MtotoWaLangoni · Alhamisi, saa 3:40 usiku

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mwenye uzoefu wa paka mwenye kisukari anisaidie, nimekwama.

Paka wetu anaitwa Sudi, dume, amehasiwa, ana miaka kumi. Tangu Idi ipite anakunywa maji hayaishi. Akimaliza bakuli lake anakwenda kulamba ndoo ya chooni. Mkojo wake ni dimbwi. Anakula kuliko sisi sote na bado uti wa mgongo unahesabika kwa kidole. Wiki mbili hizi miguu ya nyuma anakanyaga kwa kisigino badala ya vidole, na dakani, baraza ya mlangoni, hapandi mpaka ainuliwe. Daktari wa mifugo aliyepita hapa alimpima akasema ni sukari, kisha akarudi kwao Mombasa kabla hatujaelewana vizuri.

Nampima kwa mashine ya sukari ya watu. Leo asubuhi 21.8, jioni 24.6. Dawa anapata, haishuki. Swali langu ni hilo tu: niongeze dozi kiasi gani? Na la pili, kutoboa sikio. Leo nimemtoboa mara nne nikapata tone moja.

NahodhaMstaafu · saa 3:58 usiku

Wa aleikum salaam kijana. Sukari naijua, ninayo mwenyewe tangu 2016. Siku moja tumetia nanga Kiwayu, nimeshapiga sindano asubuhi na chakula kimechelewa, nikaanza kutetemeka na jasho baridi, ulimi mzito, watu wanadhani nimepigwa na jua. Baharia mmoja, Mungu amlipe, akanitia tende mdomoni kwa nguvu. Baada ya robo saa nikakaa. Kwa hiyo nakwambia angalia chakula kwanza. Huyo paka anakula nini hapo kwenu? Mahamri?

KijanaWaShela · saa 4:05 usiku

Paka wa Lamu ana kisukari! Hiyo ni halua ya Idi, mkuu. Mficheni sinia.

MzeeWaFaza · saa 4:21 usiku

Mimi nitasema ukweli hata ukiuma. Kuna watu visiwani humu wanavuka bahari kutafuta dawa ya sukari na wanarudi mikono mitupu. Stripu, vile vijikaratasi vya kupimia, moja moja tunahesabu. Leo stripu anapimiwa paka? Paka ana riziki yake jetini, mwache ajitafutie. Tupange mambo kwa uzito wake.

BiMkubwaMkomani · saa 4:37 usiku

Mzee, usimvunde moyo kijana. Sahaba mkubwa alibandikwa jina la Abu Huraira kwa ajili ya kipaka chake, na kuna mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka bila chakula. Ukishamfungulia mlango ni amana yako.

Mimi nalikuwa na wangu, mweupe, alilalia kanzu ya marehemu mume wangu siku arubaini, hakutaka kuondoka. Nikimtilia mai anywa, nikimtilia samaki aangalia tu. Hawa viumbe wana mambo. Yana nimemkumbuka nikalia. Mwanangu, jaribu maji ya mwarobaini kidogo, asubuhi kabla hajala.

DaktariMifugo_Kilifi · saa 5:02 usiku

Mwarobaini hapana, Bi Mkubwa, samahani. Paka huyu anatapatapa tayari, na akigoma kula tutakuwa na tatizo la pili.

Sikio kwanza, maana hilo ni rahisi. Loweka kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, kikamue, lifunike sikio kama dakika moja mpaka lipate joto. Ukingoni utaona mshipa mwembamba. Usiutoboe wenyewe, toboa ule uwazi mdogo kati ya mshipa na ukingo. Weka pamba nyuma ya sikio usijichome kidole. Paka mafuta ya mgando kidogo hapo kabla ya kutoboa, damu itasimama kama shanga badala ya kupotelea kwenye manyoya. Ukimaliza bana kwa pamba na umpe kipande cha samaki hapo hapo, ili kesho akikuona na mashine aje mwenyewe.

Namba zako sasa. Paka mzima husoma kama 4 hadi 8. Paka aliyeshikwa kwa kupigana anaweza kupanda hata kupita 16 kwa hofu tu, hata kama hana kisukari. Tena mashine ya watu kwa paka husoma chini ya ukweli, kwa sababu sukari ya damu yake karibu yote imekaa kwenye majimaji, kidogo sana ndani ya chembe nyekundu, wakati yetu imegawanyika kote kuwili. Kwa kufuata mwelekeo inafaa. Kwa kuamua dozi kwa namba mbili za siku moja, haifai.

Dozi sigusi mpaka unijibu. Insulini gani? Sindano gani? Nani alikupangia? Na je, amewahi kuyumba au kulegea baada ya sindano?

MtotoWaLangoni · saa 5:15 usiku

Ahsante sana daktari kwa sikio, nitafanya hivyo. Insulini ni ya kawaida. Dozi ni ndogo tu, mistari miwili, saa moja asubuhi na saa moja jioni. Dozi kuwa kubwa si tatizo, tatizo haishuki.

DaktariMifugo_Kilifi · saa 5:19 usiku

Ya kawaida ya nani? Soma maandishi ya kwenye chupa uniandikie. Na sindano ni ya mililita moja au ya nusu?

MtotoWaLangoni · saa 5:44 usiku

Imeandikwa Mixtard 30. Ni ya mama. Sindano ni za mama pia, mililita moja.

Sikutaka kuandika mapema kwa sababu nilijua nitasemwa. Daktari aliyepita alisema paka hutibiwa kwa insulini hata za watu, hilo sikulitunga. Hakuacha dawa wala cheti. Ningefanya nini, nimwangalie akauke? Nimeanza Jumapili. Na ndiyo, Jumanne saa tisa alasiri nilimkuta ngazini amelala ubavu, kichwa kinatikisika, nikimwita hanioni. Nikadhani ni joto. Nilipompima ilisoma 2.6. Mama akampaka asali kwenye fizi, baada ya muda akainuka akala. Usiku ikawa 25. Ndiyo maana nikaona dozi haitoshi, na nilishaamua kesho asubuhi nivute mstari wa tatu.

DaktariMifugo_Kilifi · saa 5:51 usiku

Usivute. Kesho asubuhi usimchome kabisa mpaka tuzungumze. Nisikilize.

Sindano ya mililita moja, kila mstari mdogo ni yuniti mbili. Mistari miwili ni yuniti nne. Paka kama huyu mara nyingi huanza na yuniti moja. Wewe umeanza na mara nne yake, na mstari wa tatu ungekuwa sita.

Ile 2.6 na kichwa kutikisika haikuwa joto, ilikuwa sukari imeanguka. Mama yako na asali yake ndiye aliyemwokoa. Sukari ikianguka hivyo mwili hujitetea, ini linamwaga akiba, na ukipima baadaye unakuta 25. Inaonekana kama dawa ni kidogo kumbe inaweza kuwa ni nyingi. Na hiyo Mixtard kwa paka hupiga kwa kishindo kisha huisha mapema, masaa kumi na mawili haifiki. Zipo za kukaa muda mrefu, kama glargine, ndizo tunazopendelea.

Karani_wa_Zamani · saa 6:20 usiku

Wadau, mnaona ninachokiona? Mashine ya mama. Stripu za mama. Insulini ya mama, sindano ya mama. Kukojoa sana, kukonda, miguu kufa ganzi, kuanguka ngazini. Akaunti imefunguliwa leo. Hapa hakuna paka. Huyu kijana anaulizia dozi ya mamake na anaona haya, au anatafuta dawa ya kuuza. Na daktari wa Mombasa aliyepita hapa hana jina. Msichangie dozi yoyote.

KijanaWaShela · saa 6:24 usiku

Eh, kweli. Nilicheka mapema. Kama ni mama, samahani sana.

NesiMalindi · saa 6:31 usiku

Ndugu, kama ni mama sema tu, hakuna atakayekucheka. Mtu mzima kuanguka na 2.6 ni dharura, apelekwe hospitali usiku huu huu.

MtotoWaLangoni · saa 6:58 usiku

Wallahi ni paka. Yuko hapa mapajani. Sikio la kushoto lina pengo alilong'atwa udogoni, kwa hiyo natoboa la kulia, na pembeni yake sasa pana vidoti vyeusi saba, vimejipanga kama uzi wa kofia. Nikifungua kile kikebe cha stripu kikilia *tik* anajificha nyuma ya mtungi. Mtu hatungi hilo.

Lakini Karani umegusa palipo na kidonda, basi nimalize. Sudi ni wa mama. Stripu anazopata hazizidi mwezi, na tangu Jumapili mama hajajipima hata mara moja. Anasema yeye anaijua sukari yake kwa mdomo kukauka, apimwe asiyejua kusema. Nami nimekuwa nikikubali. Hilo ndilo sikuliandika.

NesiMalindi · saa 7:10 usiku

Mdomo haupimi sukari. Mwamshe akijaaliwa alfajiri, kabla ya chai, ajipime yeye kwanza. Na tafadhali, sindano iliyomwingia paka isirudi tena kwenye chupa ya mama. Kama imewahi kurudi, chupa hiyo itupwe, aombe nyingine.

MzeeWaFaza · saa 12:50 asubuhi

Nimeamka na maneno yangu ya jana yananiuma. Mwanangu nina kikebe cha stripu hakijafunguliwa, kimetoka kwa binti yangu. Kama mashine ya mama ni aina moja na yangu, mtu anakuja jetini leo na boti ya kwanza. Niandikie faragha. Ni za mama, tuelewane.

DaktariMifugo_Kilifi · saa 1:15 asubuhi

Nimekuamini, pengo la sikio na kikebe vimetosha. Leo mpe samaki wa kuchemsha bila wali wala mkate, mara tatu nne kidogo kidogo, na maji yasipungue. Akigoma kula, akitapika, au akizubaa, usisubiri mtu. Mtafute daktari wa mifugo hapo kisiwani leo. Hata kwenye hospitali ya punda pale ufukweni ukiuliza watakuonyesha wa paka ni nani. Nitazungumza naye kwa simu kuhusu insulini ya muda mrefu na sindano ya mililita 0.3 yenye alama za nusu yuniti. Akishaanza hiyo, tutampima kila baada ya saa mbili kutwa nzima, mara moja, tuone inashuka hadi wapi na saa ngapi. Mambo ya tone moja asubuhi na moja jioni tuyaache.

BiMkubwaMkomani · saa 2:40 asubuhi

Yeo hakuna mwarobaini, nimesikia. Nitapita Langoni baada ya adhuhuri na tasi wawili.

MtotoWaLangoni · Jumamosi, saa 2:05 usiku

Samahani kwa kimya. Stripu zimefika, Mzee, mama anakuombea dua mpaka imemkauka sauti. Daktari wa hapa amempima Sudi na mkojo pia, kasema haujawa na sumu ya njaa, ile mwili hutoa ukiunguza mafuta badala ya sukari. Insulini mpya inakuja na basi la Jumatatu kutoka Mombasa, imefungwa kwenye barafu, nitavuka niipokee mwenyewe Mokowe, bara. Mpaka hapo ni samaki tu, bila sindano, kama walivyokubaliana madaktari.

Nimefanya kitambaa cha uvuguvugu na mafuta. Tone limetoka mara ya kwanza, la mviringo, halikutawanyika. Hakulia.

Asubuhi hii, Sudi 19.2. Mama 14.7.

NesiMalindi · saa 2:11 usiku

14.7 kabla ya chai au baada?

MtotoWaLangoni · saa 2:13 usiku

Kabla. Jumatatu anavuka nami.