Lenzi ya makro, au kuna njia nyingine ya kupiga picha wadudu hapa Nairobi?

Dada_wa_Umoja:
Wadau, habari za jioni. Hobi yangu ni kupiga picha wadudu. Nilianza na simu, sasa nina Canon ya mtumba na lenzi yake ya kawaida, milimita 18-55. Shida ni kwamba nikimkaribia nyuki kamera inakataa kushika fokasi (picha haiwi kali), nikirudi nyuma nyuki anabaki nukta. Muuzaji mmoja pale mtaa wa Luthuli ananiambia dawa ni lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) ya milimita 100, na bei aliyotaja ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Ninunue? Na nyinyi mnapigia wapi bila askari wa lango kuwauliza kibali? Mimi naishi ghorofani, bustani yangu ni ndoo mbili za sukuma wiki kwenye baraza.

Kerengende_Juu:
Weka pesa yako kwanza, dada. Tafuta zile pete tupu zinazofungwa katikati ya kamera na lenzi. Hazina kioo ndani. Kazi yake ni kuisogeza lenzi mbali na kihisi, kile kinachopokea picha ndani ya kamera, ili ione vitu vya karibu. Chukua zenye pini za umeme, kwa sababu zile za bei ya kutupa haziwasiliani na kamera na hutaweza kubadilisha tundu la lenzi, lile linalopitisha mwanga. Kaa kwenye 55. Ukirudi 18, itabidi mdudu aingie ndani ya lenzi ndipo aonekane!
Kisha zima fokasi ya otomatiki ya kamera. Sogeza mwili wako polepole mbele na nyuma mpaka macho ya mdudu yawe makali, ndipo ubonyeze. Bawa likififia hakuna atakayelalamika, lakini macho yakififia picha hiyo ni ya kufuta.

Babu_Lenzi:
Hapo sikubaliani nawe kabisa. Na hizo pete unakaribia kumgusa mdudu, na lenzi yenyewe inamtupia kivuli. Ile ya 100 inakupa mdudu kwa ukubwa wake halisi huku ukibaki na nafasi ya kiganja hivi kati yako naye. Kereng'ende hatakungoja ukimwekea kioo puani. Nunua ya mtumba, ila uende na kamera yako, uitoe lenzi mlangoni penye mwanga na umulike tochi kwa nyuma uone kama ina kuvu ndani. Muuzaji akikataa usimulike, ondoka.

Mama_Flashi:
Mnabishana juu ya vioo, na kitakachomsumbua ni mwanga. Kwa karibu hivyo, sehemu iliyo wazi kwenye picha ni nyembamba kama karatasi, kwa hiyo lazima ubane tundu hadi f/8 au f/11 (namba ikipanda, tundu linapungua), na ukibana giza linaingia. Hapo ni flashi. Lakini flashi tupu juu ya mbawakawa inamwachia doa jeupe mgongoni na rangi yote inapotea. Mimi natumia ile sponji nyembamba nyeupe inayofungiwa televisheni mpya. Naikunja juu ya lenzi kama paa, nafunga na mpira wa nywele, flashi inapiga kupitia hapo. Kasi ya kamera 1/200 ya sekunde, na mgongo wa mdudu unatoka na rangi zake zote, hata vinyweleo unavihesabu. Sponji hiyo wenye maduka ya televisheni wanaitupa, iombe tu.

Asubuhi_Mapema:
Kuhusu mahali: msitu wa Karura, kandokando ya ziwa dogo la Lily, kwa kereng'ende. Arboretum pia ni pazuri, ila imepakana na Ikulu, kwa hiyo lenzi ielekee kwenye majani tu. City Park shikilia mkoba wako, wale tumbili hawana adabu. Askari akikuuliza, mwonyeshe picha ya buibui kwenye kioo cha kamera. Mara nyingi anaanza kukuonyesha walipo wengine.
Nenda mapema, hasa Juni hadi Agosti. Asubuhi ya baridi mdudu hawezi kuruka mpaka mwili upate joto, na unamkuta ametulia na umande juu yake. Wadudu wengi zaidi wapo baada ya mvua, lakini hao ni wa kukimbizana nao.
Na hapo barazani panda mlimau kwenye ndoo ya tatu. Kuna kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano anayetaga kwenye majani ya limau na chungwa. Kiwavi wake akiwa mdogo utadhani ni kinyesi cha ndege, kahawia na jeupe. Akikua anageuka kijani. Mguse kidogo na kijiti, atachomoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Uwe umeshaweka fokasi, maana anazirudisha upesi.

Mzee_wa_Kibali:
Piga picha, mdudu mwache alipo. Mwaka 2025 mahakama ya JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja kwa kujaribu kusafirisha sisimizi, na wawili kati yao walikutwa na takriban 5,000. Sheria ya wanyamapori haiangalii ukubwa wa mnyama. Ukitaka jina la mdudu, weka picha iNaturalist, mtandao ambapo watu husaidiana kutambua viumbe.

Dada_wa_Umoja:
Asanteni sana. Nimechukua pete, lenzi itangoja (samahani Babu). Sponji nimepewa bure. Sasa jana usiku kwenye taa ya baraza amekuja mdudu mwembamba, chungwa na nyeusi, anakimbia huku ameinua mkia. Nimemfunika na glasi. Nataka nimshike nimweke juu ya jani la sukuma nimpige vizuri.

Mama_Flashi:
Usimshike! Huyo ni Nairobi fly, na si nzi, ni jamii ya mbawakawa. Haumi wala hadungi, lakini ukimsaga sumu iliyo mwilini mwake inababua ngozi, na ukijifuta jicho na mkono huohuo utajuta. Telezesha karatasi chini ya glasi, mpeleke hadi kwenye jani, umwachie hapo. Akikupanda mpulize, usimpige kofi. Kama ameshasagika, osha kwa sabuni na maji mengi kabla hujagusa kitu kingine.
Halafu f/11, na utuletee picha.