Tupeane uzoefu: Achilles au Socrates, nani alikuingia?

Wakuu, salaam. Waliosoma mambo ya Wagiriki wa kale, iwe chuoni, seminari au kwa kujisomea tu, tuambiane: yule shujaa wa vita vya Troy na yule mwanafalsafa wa Athens, mzee wa maswali, nani alikuingia, na alikufanyia nini maishani?

Naanza mimi. Mwaka wa kwanza chuo nilikuwa mtu wa Achilles kabisa. Agamemnon, mkuu wa majeshi ya Wagiriki, anamnyang'anya Briseis, mwanamke mateka aliyepewa kama ngawira, jeshi zima likitazama, naye anasusa: piganeni wenyewe! Katika Iliadi, utenzi wa Homer kuhusu vita hivyo, ubora wa mtu, wenyewe wakiuita arete, sharti uonekane na watu. Ngawira yako ndiyo heshima yako. Ukipokonywa, umevuliwa nguo hadharani. Miaka baadaye nikapokonywa kazini mradi nilioanzisha mwenyewe, akapewa mwingine. Sikuacha kazi, nilikaa tu pale nimenuna kama Achilles kwenye hema lake. Aliyeumia ni kijana niliyekuwa namfundisha. Alibaki na mzigo peke yake, akakosea, akafukuzwa. Patroclus wangu huyo, kama yule rafiki wa Achilles aliyeuawa vitani mwenzake akiwa amesusa. Nilikuwa nimefaulu mtihani wa Iliadi bila kuielewa.

Mstaafu_wa_Kambi: Mkuu umenigusa. Mimi nilikuwa jeshini, haya mambo nimeyajua uzeeni kupitia binti yangu anayesoma falsafa. Nilidhani Socrates ni mtu wa maneno tu, kumbe aliipigania Athens vitani, huko Potidaea, Delium na Amphipolis. Pale Delium, mwaka 424 KK, Waathene walipigwa wakatawanyika. Yeye alirudi anatembea taratibu, anaangaza macho kwa adui na kwa wenzake, hata ukiwa mbali unaona huyu si wa kuguswa. Nikamwambia binti, hilo nalijua. Kusonga mbele kuna makelele na wenzio wanakusukuma. Kurudi nyuma ndiko kunakompima mtu. Sisi tuliwahi kurudi hivyo usiku, na aliyetutoa ni koplo mmoja mfupi mwenye kigugumizi. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa akimhesabu.

Mama_Duka: Ngoja niulize. Huyo Socrates si ndiye aliyeacha watoto watatu, wawili bado wadogo, akanywa sumu aliyohukumiwa na mahakama wakati rafiki yake Crito ameshapanga kumtorosha? Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Marehemu baba yangu alikataa kusaini hesabu za uongo ofisini, wakamwachisha kazi. Mtaa mzima ulimsifu. Sisi tulikuwa tunakula ugali kwa chumvi, na ada yangu ya kidato cha tatu ilipatikana mama alipouza cherehani. Sifa haziliwi, jamani.

Mwanzisha mada: Dada, umepiga penyewe. Na cha ajabu, mahakamani mwaka 399 KK, Socrates akiwa na miaka 70, mwanafunzi wake Plato anamwonyesha akijifananisha na huyohuyo Achilles! Anakumbusha kwamba Thetis, mama yake Achilles, alimwonya mwanawe: ukimuua Hector, yule aliyemuua Patroclus, nawe kifo chako kinafuata. Akaenda. Socrates anasema na yeye habanduki mahali alipowekwa. Tofauti ni kwamba Achilles anaogopa kuchekwa, mzee anaogopa kudhulumu hata pasipo wa kumwona. Kuhusu cherehani ya mama yako sina jibu.

Zamu_ya_Usiku: Mimi sina upande kati ya hao wawili, niko na Priam, yule mfalme mzee wa Troy aliyekwenda kumbusu mikono Achilles, muuaji wa mwanawe Hector, ili apewe maiti. Mimi ni muuguzi. Kuna usiku alikuja mzee kuchukua mwili wa kijana wake aliyegongwa, na dereva aliyemgonga alikuwa wodini kwetu, mguu umevunjika. Mzee akaomba kumwona. Tukakataa, akang'ang'ania. Akaketi pembeni ya kitanda, akamuuliza, "Mwanangu, baba yako yupo?" Dereva akashindwa kujibu. Wakalia wote wawili, mimi nimesimama na dripu mkononi sijui niiweke wapi. Kisha mzee akainuka, akaniuliza mochwari iko upande gani.